Tiara, Pilipili na Upepo wa Bandari

Juzi nilikwenda Kariakoo kununua vitambaa vya mapazia, na pale kwenye kona ya mtaa wetu wa zamani nikasimama kama mtu aliyesahau jambo. Kipande cha nailoni, ile wanayofungia mizigo ya madukani, kilikuwa kinazunguka hewani usawa wa vichwa vya watu. Kinazunguka tu. Hakipandi, hakitui, hakiendi bondeni wala hakirudi mjini. Mpagazi mwenye marobota mgongoni akanikemea, "Pisha basi, dada, hii njia!" Nikapisha, nikajibanza mlangoni mwa duka la simu, nikaendelea kukitazama. Ukiniuliza nilikuwa nawaza nini, nitakwambia ukweli: nilikuwa nimechanganyikiwa, kama nilivyochanganyikiwa nikiwa mtoto, hapo hapo, na kwa jambo hilo hilo.

Mtaa wetu ulikuwa wa mwisho mwisho, kabla ardhi haijaanza kuteremka kwenda Jangwani. Nilikaa na bibi yangu, mzaa mama, katika nyumba ya vyumba vya kupanga, na bibi alikaanga vitumbua barazani kila asubuhi. Upande wa pili wa barabara, ule wa bondeni, ilikuwapo nyumba ya zege ya ghorofa moja yenye paa bapa. Chini mlikuwa na mashine ya kusaga viungo. Juu waliishi wenye mashine, familia ya Kihindi, watu wa taa za mafuta na rangi za unga mlangoni siku za sikukuu zao. Mwenye mashine tulimwita Mzee wa Pilipili, mbele yake na nyuma yake, naye hakuchukia hata kidogo. Alikuwa na binti wa rika langu, mwenye msuko mmoja mrefu na maneno mengi kuliko mimi, na huyo ndiye aliyekuwa rafiki yangu wa kwanza duniani.

Sasa, kama hujawahi kuishi jirani na mashine ya pilipili, shukuru Mungu. Bizari haina neno, dhania inanukia, hiliki unaweza hata kukaa dirishani ukaivuta. Pilipili kavu ni habari nyingine. Ikisagwa, vumbi lake linatoka madirishani na kwenda unakotaka upepo. Upepo ukitoka bandarini, vumbi linaenda bondeni, kwa vyura na matete, na hakuna mwenye shida. Upepo ukitoka bondeni, vumbi linavuka barabara na kuingia kwetu, na hapo mtaa mzima unapiga chafya, watoto wanalia, na mtu anatupa sufuria la mchuzi uliokwisha kuiva.

Ndiyo maana mtaa ulikuwa na desturi yake. Pilipili haisagwi mpaka tiara ipande. Mzee wa Pilipili, kwao ilikuwapo sikukuu ya kurusha tiara mwanzoni mwa mwaka, na binti yake alikuwa fundi wa tiara za karatasi laini, za pembe nne, zisizo na mkia. Mimi nilimfundisha za kwetu, za gazeti na njiti za chelewa, zilizogandishwa kwa wali uliopondwa, zenye mkia wa kitambaa cha kanga kuukuu. Tulibishana sana ipi ni tiara na ipi ni takataka. Mchana, tukirudi shule, tulipanda juu ya lile paa na kurusha. Tiara ikilalia Jangwani tulipiga kelele "Bonde!" na Mzee wa Pilipili akawasha mota. Ikilalia upande wetu tulipiga kelele "Mjini!" na akazima hata kama gunia lilikuwa nusu.

Bibi hakuhitaji tiara. Alikuwa na pua. Alfajiri alifungua mlango, akavuta hewa mara moja, akasema, "Bonde bado halijalala," maana yake ananusa tope. Kuelekea adhuhuri alisema, "Haya, bandari imeamka," nasi kweli tukapata harufu ya dizeli na chumvi na kitu kama magunia yaliyolowa. Mzee wa Pilipili alimwuliza kila siku kabla ya kutupandisha sisi juu: "Mama, unasemaje leo?" Sikumbuki bibi akikosea. Pengine alikosea, ila ukubwa wa bibi machoni pangu haukuacha nafasi ya kumbukumbu hiyo.

Kisha zikaja zile zama za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Wewe unazikumbuka. Jana yake sabuni ilipangiwa foleni, leo sabuni za kila rangi zimemwagwa chini kwenye turubai, na muuzaji anakubembeleza. Sisi watoto hatukuelewa nani aliruhusu nini, tuliona tu vitu vinaongezeka. Mama mdogo, mdogo wake mama, akaacha kazi ya karani na kuanza kuuza mitumba. Belo la nguo lilifunguliwa ukumbini kwetu na nyumba nzima ikanuka dawa ya nondo. Na nyumba iliyopakana na yetu ikauzwa. Ikabomolewa kabla hatujazoea kwamba imeuzwa, na mahali pake likaanza kupanda ghorofa, juu, juu zaidi, mpaka bibi akikaa barazani jua la asubuhi halimfikii tena.

Lilipofika juu kabisa, upepo ukaharibika. Sina namna nyingine ya kulisema. Tiara za karatasi zilipanda kidogo tu kisha zikajipinda, zikapiga mwereka, zikatua kichwa chini juu ya paa kama kuku aliyechinjwa. Zile zangu, zile zake, zote. Tulibadilisha mikia, tulibadilisha uzi, tulinuniana. Na bibi akafungua mlango alfajiri akavuta hewa, akavuta tena, akatazama huku na huku. Nikamsubiri aseme. Akasema, "Saruji." Basi. Harufu ya saruji tu.

Siku moja Mzee wa Pilipili alisaga kwa kukisia, na pilipili ikaingia kwetu. Sio kidogo. Ikaitishwa mikutano barazani kwa mjumbe wa nyumba kumi, mzee wa sauti nzito aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mwenye ghorofa alituma mtu wa kumsemea, akasema wapangaji wake hawawezi kuishi na moshi wa pilipili. Wengine wakaguna kwamba mashine ilikuwapo kabla hata wapangaji hao hawajazaliwa. Mjumbe akakata maneno: "Ikimwagika tena mara moja, Mzee, mashine itoke mtaani. Mimi sitaki kesi." Bibi alisimama akasema yeye anamdhamini Mzee wa Pilipili, haitamwagika. Alisema kwa sauti ya kawaida, huku anajifunga kanga vizuri. Rafiki yangu alinibana mkono. Mashine ikitoka, na wao juu watatoka, hilo hata sisi tulilijua.

Zikapita siku nyingi bila pilipili kusagwa. Magunia yakajaa mpaka ngazini. Wenye magenge ya mboga wakaanza kununua pilipili ya pakiti.

Hapo ndipo belo la mama mdogo lilipotoa kile kitu. Kilikuwa kitambaa chepesi cha nailoni, chekundu na cha njano, kipana kuliko kitanda cha bibi, kimeshonwa mifuko mifuko yenye midomo wazi, na kamba nyingi nyembamba zinazokutana kwenye vishikio viwili. Nyumba nzima ilikichungulia. Mama mdogo alisema ni pazia la bafuni la watu wenye bafu kubwa. Fundi cherehani wa barazani alisema ni mwavuli wa mwanajeshi anayeruka kutoka kwenye ndege, ila wa mtoto. Mpangaji mmoja akasema ni chandarua, akaambiwa akalale humo yeye. Mzee wa Pilipili alipoitwa, alikigeuza geuza, akaingiza mkono kwenye mdomo mmoja wa mfuko, akacheka peke yake. "Tiara hii," akasema. "Tena ya kuvuta mtu."

Tukaipeleka uwanjani, chini kidogo nyuma ya mashine, upande wa Jangwani. Mimi nilishika kishikio cha kushoto, rafiki yangu cha kulia, kwa sababu mmoja wetu peke yake asingeiweza. Ilijaa hewa kwa mshindo, ikatukokota kwenye nyasi kwa magoti, tukapiga kelele, mama mdogo akaja akatushika viuno, naye akakokotwa. Sijawahi kucheka vile. Tulipozoea tukagundua kwamba ukivuta wewe inakwenda kwako, akivuta mwenzio inakwenda kwake, na mkivuta sawa inatulia juu. Ikitulia, inalalia bonde. Kila mchana, bonde, imara kabisa. Ukivuta hewa uwanjani pale unaipata bandari yote, dizeli na chumvi. Nikamwambia bibi upepo haujapotea, upo, unapita juu tu. Akateremka mwenyewe na fimbo yake, akanusa, akafumba macho. "Ndio huo," akasema. Nilimwona amefurahi kama mtu aliyepata simu ya mwanawe aliye mbali.

Basi ikawa siku ya harusi ya binti wa mjumbe. Turubai lilifungwa barabarani, masufuria ya biriani yalikuwa yakitokota, ngoma zilikuwa zikipigwa. Mzee wa Pilipili alikuwa bado hajasaga, na siku hiyo ndiyo hakutaka kabisa. Ila mwenye duka kubwa la sokoni alikuwa ametuma kijana kwamba akikosa mzigo jioni ile atachukua kwingine moja kwa moja, na huyo ndiye mteja aliyebaki. Kwa hiyo akauliza kila aliyestahili kuulizwa. Bibi aliteremka uwanjani akanusa: bandari. Sisi tukarusha tiara kubwa: ikatulia, imelala bonde kama imechorwa. Mzee akasimama mlango wa nyuma wa mashine akaitazama kwa macho yake. Tukapiga kelele kwa pamoja, "Bonde!" Mota ikawaka.

Unajua kilichotokea. Sisi hatukujua. Sisi tulikuwa uwanjani, tiara inavuta, hewa safi, hata chafya moja hatukupiga. Tulisikia ngoma zimenyamaza, tukadhani bibi harusi anatolewa. Kweli alikuwa anatolewa. Tulimwachia mama mdogo vishikio, na tulipopanda mtaani tulimkuta bibi harusi mlangoni kwao, wanja umechirizika mpaka kidevuni, na watu wakamwonea huruma kwamba analia kumwacha mama yake. Kisha mama yake akaanza kulia. Kisha mashangazi, kisha wapiga ngoma, kisha mwanamume mzima aliyekuwa anapakua biriani akatupa mwiko akakimbilia bomba. Vumbi jekundu lilikuwa linazunguka kati ya ghorofa na mashine, taratibu, juu ya turubai, linazunguka na kurudi, linazunguka na kurudi.

Mjumbe alitoka amefunika uso kwa leso. Hakufoka, na afadhali angefoka. Alisema, "Niambieni tu huu upepo umetoka wapi." Watu wakanyosha vidole. Mmoja bandarini. Mwingine bondeni. Mwingine Ilala, mwingine juu kabisa. Mzee wa Pilipili alinyosha kidole Jangwani huku tiara yetu imebaki uwanjani, mama mdogo anaishikilia, bado inalala bonde, kila mtu anaiona. Bibi hakunyosha kidole. Alikuwa anageuka, anavuta hewa upande huu, anavuta upande huu, analia machozi ya pilipili. Nilimshika kanga. Sikuwahi kumwona bibi hajui kitu.

Mashine ikatoka. Mzee wa Pilipili hakugombana na mtu; alikuja barazani kuaga, akamwambia bibi, "Mama, hukukosea," na bibi akamjibu, "Basi nani kakosea?" Wakanywa chai. Siku lori lilipopakia vitu vyao, rafiki yangu alishuka akanivuta pembeni, msuko wake umefungwa kwa uzi wa tiara, na badala ya kuniaga akaniuliza kwa hasira, kama mimi ndiye niliyemficha: "Kwani ule upepo ulikuwa unatoka wapi?" Nilitazama juu, nikatazama chini. Lori likaondoka wakati bado natazama.

Nasikia walihamia karibu na viwanda, baadaye nje ya nchi. Tiara kubwa fundi cherehani aliinunua akaikata makoti ya mvua ya watoto. Masika ile niliiona ikipita vipande vipande barabarani, nyekundu hapa, njano kule. Bibi aliendelea kufungua mlango alfajiri mpaka mwisho wa maisha yake, ila aliacha kuvuta hewa. Alifungua tu, akawasha jiko. Sasa nyumba yetu nayo ni ghorofa, na ile ya zege ni ghorofa, na ukisimama pale huoni hata kama kuna bonde.

Nimesoma, nimekua, na najua jibu. Upepo ulitoka bandarini, ukagonga lile ghorofa, ukapita juu kwenda bondeni, na mkia wake ukaanguka nyuma ya jengo na kurudi mtaani. Bibi alisema kweli. Tiara ilisema kweli. Na pilipili nayo ilisema kweli. Nilijisemea hivyo mlangoni mwa duka la simu, nikaona raha, nikatamani rafiki yangu angekuwapo nimpe jibu lake baada ya miaka yote hii. Nikainua macho kukiaga kile kipande cha nailoni. Kikasimama hewani kidogo, kisha kikaanza kuzunguka upande mwingine.