Mwaka Tulipofungua Mashimo Yote

Wazee wenzangu wakianza kuikumbuka Uvira ya zamani, huanza na ndagala, dagaa wetu, waliotandazwa mchangani, au na taa za Burundi, ng'ambo ya ziwa, zilivyoonekana jioni. Mimi huanza na bomba la maji machafu. Wananicheka, na wanicheke tu. Nililisafisha bomba lile tangu kabla ya uhuru, nikaoa nikiwa kwenye kazi hiyo, na mtoto wangu wa kwanza alizaliwa karibu kabisa na mahali lilipoishia. Hakuna kitu katika mji ule nilichokijua vizuri zaidi, na nikisema ninalikumbuka kwa mapenzi, sitanii.

Wazungu walilichimba kwa ajili ya nyumba zao za juu, upande wa mlima, na kwa ajili ya hospitali na ofisi. Liliteremka chini ya barabara kubwa, likapita mtaani kwetu, likaishia kwenye tangi la saruji kando ya matete. Njiani kulikuwa na mashimo yenye vifuniko vya chuma ambayo tuliyafungua ili kukagua na kusafisha. Kazi yetu ilikuwa moja tu: uchafu ufike kwenye tangi, usifike ziwani. Maana chini kidogo ya shimo la mwisho ndipo wanawake wa mtaa wetu walipochota maji.

Tulikuwa watatu. Kapita wetu, msimamizi wa kazi, alikuwa Muvira mtu mzima, aliyevaa kofia yake ya kazi hata siku za harusi. Mwenzangu alitoka Rurambo, mtoto wa wafugaji, ambaye hakukubali hata siku moja kuonja samaki, na ndiye aliyetuletea mianzi kutoka milimani. Mianzi hiyo tuliipasua, tukaiunga ncha kwa ncha kwa vipande vya mpira wa tairi, tukaisukuma bombani mpaka kilichoziba kikalegea. Tukimaliza, mmoja alitupa gunzi la mahindi lenye uzi mwekundu kwenye shimo la juu, wengine tukalingoja chini. Gunzi likitokea, njia ni nzima. Uzi mwekundu ulikuwa wa lazima, kwa sababu baada ya uhuru magunzi yalijaa mle ndani. Wazungu waliondoka na karatasi zao za chooni. Waliohamia katika nyumba zile walikuja na desturi ya kwao ya kujifuta kwa magunzi. Kapita aliwaendea mlango kwa mlango, kofia mkononi, kuwaomba wasitupe magunzi chooni. Walimpa kiti, wakamsikiliza kwa heshima zote, wakaendelea kutupa.

Mke wangu naye alikuwa na sheria yake. Sikuvuka kizingiti chake kabla sijaoga ziwani na kubadili nguo.

"Hiyo harufu ibakie inje," alisema kila jioni. "Mu nyumba yangu iingie bwana tu."

Wakati ule ilinikera. Sasa ningetoa chochote nisikie sauti ile ikinifukuza mlangoni.

Nilikuwa na kitu kimoja cha kunifuta harufu, nacho ni kositimu, suti ya ndoa yangu. Ilikuwa ya rangi ya majivu, na karavati yake, tai nyekundu, kazi ya fundi wa ng'ambo. Jumapili nilipoivaa, watu wale wale waliokuwa wakiziba pua nikipita barabarani walijisogeza kwenye benchi la kanisa ili nikae. Niliipenda kuliko inavyofaa kupenda nguo.

Kisha ukaja mwaka wa uasi. Wapiganaji waliingia kutoka bonde la Ruzizi na mikuki yao na majani kichwani, wamenyunyiziwa maji ya dawa ili risasi zisiwapate. Walikuwa wakiwatafuta watu wa serikali, ambayo sisi tuliiita Leta: makarani, walimu, yeyote aliyeonekana kula meza moja na wakubwa. Jirani yetu, karani wa ofisi, walimchukua kwa sababu ya picha iliyokuwa ukutani kwake, amevaa karavati. Hakurudi. Jioni ile mke wangu alifunga mlango, akazungumza kwa sauti ya chini.

"Baba ya mutoto, ile kositimu tuichome."

"Kositimu ya ndoa? Weye uko na akili?"

"Batakuja hapa. Bakiona karavati, batasema weye uko mutu ya Leta."

"Minye niko mutu ya mavi! Uvira yote inajua."

"Bale habatoki Uvira. Habakujui weye. Banajua karavati."

Nilikataa, tena kwa hasira. Hata hivyo baada ya siku chache nilifungua sanduku na kositimu haikuwemo. Alisema amempelekea kaka yake aliyeishi kijijini Runingu, kwa mkono wa wanawake waliokuwa wakirudi shambani. Nilinuna nikakataa kula. Wapiganaji walipokuja kupekua nyumba yetu walikuta mtoto, masufuria na shati langu la kazi. Mmoja wao alilinusa lile shati, akatoka mbio huku akitema mate. Nilicheka sana, na kuhusu kositimu sikuuliza tena.

Yule mpiganaji hakukimbia kwa ajili ya harufu peke yake. Dawa yao ilikuwa na miiko mingi, na mmojawapo ni kutogusa uchafu wa choo. Ukiugusa, dawa inakufa, na risasi inakuwa risasi. Hawakukanyaga hata vifuniko vya mashimo yetu, walivizunguka. Sasa watu wa Uvira hawakuchelewa kuliona hilo. Kila mwenye kitu cha thamani alijiambia moyoni kwamba mahali pekee ambapo wapiganaji hawatapekua ni kwenye shimo la maji machafu, na kila mmoja alidhani wazo hilo limemjia yeye peke yake. Mji mzima ukashusha mali yake kwenye bomba langu.

Lilianza kuziba mwishoni mwa kiangazi. Kamanda wao alikuwa amejiweka katika nyumba moja ya juu, na uchafu ukaanza kumpandia ndani. Alimwita kapita, nasi tulisimama nyuma yake.

"Muzee, mavi inaingia mpaka mu chumba! Unataka dawa yangu ikufe?"

"Hapana, chef. Tutafungua," kapita alimjibu mkuu yule.

"Muanze huku juu. Leo."

Kwa kawaida tungeanza chini, kwenye tangi, tukapanda. Amri ilikuwa ya juu, kwa hiyo tukaanza juu, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Kila shimo tulilozibua lilishusha mzigo wake kwenye shimo la chini yake. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya milima. Mvua ya kwanza ingeingia bombani, na kama shimo la mwisho lingekuwa bado limeziba, kila kitu kingefumuka pale na kumwagika moja kwa moja kwenye maji ya wanawake. Robine ya mtaa, bomba letu la maji safi, ilikuwa imekauka tangu vurugu zianze; hatukuwa na maji mengine. Binti yangu alikuwa ndiyo kwanza ameanza kunywa uji, na uji ule ulipikwa kwa maji yale. Kuhara kulikuwa kumeshaondoka na watoto wa majirani. Niliposukuma mianzi sikumwona kamanda, niliuona mdomo wa yule mtoto.

Kwenye shimo la kwanza tulitoa cherehani, imefungwa kwa magunia. Kwenye yaliyofuata tulitoa magurudumu ya baiskeli, gramofoni, mabakuli yenye michoro ya maua, mashine ya kuandikia, na kengele ndogo ya kanisa ambayo ililia tulipoivuta, tukabaki tumeganda wote watatu. Mwenye kitu tulimjua bila kuuliza. Tulipofungua kifuniko, watu wote walipita haraka wakiziba pua, isipokuwa mmoja aliyesimama mbali, mkono mdomoni, asiyeweza kuondoka. Mwenzangu wa Rurambo alimwashiria kwa kichwa kwamba kitu chake kiko salama, basi yule mtu akapumua na kwenda zake.

Mali tuliizika ndani ya matope, kwenye mapipa ya pusupusu, mkokoteni wetu, tukaisukuma mpaka kwenye matete karibu na tangi, ambako wenyewe walijua kuifuata. Bariyeri, kizuizi cha wapiganaji, ilikuwa katikati ya njia.

"Iko nini mu pipa?"

"Mavi, chef," alisema mwenzangu, akiinua kifuniko. "Karibu uangalie."

"Funika! Mupite! Mupite mbio!"

Ilikuwa hatari, najua. Lakini sijawahi tena kucheka na watu kama nilivyocheka na wawili wale baada ya kuipita bariyeri, tumeketi kwenye matete, kapita akifuta machozi kwa kofia yake.

Nyumbani sikucheka. Kila jioni, nikishaoga, nilikaa karibu na moto na kuwatukana watu wote wa Uvira.

"Bantu gani bale? Hababone kama mavi itafika mu maji? Mutu anaficha sufuria, mutoto ya mwenzake anakufa!"

Mke wangu aligeuza bugali bila kuinua macho. Kisha aliuliza swali lile lile.

"Leo mumefika wapi?"

Nilimwambia tumefika barabarani, tumeivuka, tumefika kwa mshona viatu. Alikuwa akichemsha maji ya mtoto mpaka kuni zikamwishia, akaanza kuvunja viti. Niliona anaogopa maji kama mimi, na nikampenda kwa hilo.

Siku tuliyofika kwenye shimo la mwisho, ngurumo zilikuwa zimeshaanza kule Rurambo. Tulipoinua kifuniko, uchafu ulikuwa umebakiza kiganja kimoja kufika ukingoni. Mianzi iligonga kitu laini, ikarudi. Kapita alinitazama, nami nikavua shati, nikashuka. Kwenye ngazi ya chuma, upande wa ndani, mkono wangu ulikuta kamba. Niliifuata mpaka kwenye mdomo wa bomba, mahali palipoziba. Kilikuwa kifurushi kilichovimba. Nilikivuta, nikakipandisha kwenye mwanga, na kabla hata sijakifungua nilikitambua kitambaa cha mpira kilichokifunga. Kilikuwa kitambaa cha meza yetu.

Niligeuka kumtafuta mtu aliyesimama mbali. Barabara ilikuwa tupu, mvua ilikuwa inakuja. Kwenye maji alikuwapo mwanamke mmoja tu, ziwa limemfika magotini, mtoto mgongoni, ndoo tupu ikining'inia mkononi, na mkono wa pili mdomoni.

Nyuma yangu shimo liligugumia, uchafu ukaanza kushuka. Kapita alikuwa ameshamtuma mwenzetu juu na gunzi. Tulilingoja kwenye tangi, mimi na kifurushi changu kwapani, mpaka uzi mwekundu ulipotokea. Tulipokuwa tukirudisha kifuniko, mvua iliangusha matone yake ya kwanza. Ilinyesha kwa nguvu kuliko tulivyoiogopa, na maji ya wanawake yakabaki maji.

Nilishuka ziwani nikiwa mchafu vile vile.

"Ulisema iko Runingu," nilimwambia.

"Ungeuliza tena, ningesema tena Runingu."

"Mu shimo yangu, mama ya mutoto? Weye mwenye unanifukuza ku mulango?"

"Weye ulikataa tuichome. Nilifunga kamba mu chuma, muzuri. Sikujua maji itapanda." Alikuwa akilia sasa, na mvua inampiga usoni. "Nilijua ni weye tu njo utafungua pale. Mutu mwingine, hapana. Kila siku ulitukana bantu, minye nilikuwa nahesabu mashimo."

"Kositimu yangu imeoza."

"Ioze! Minye sikuolewa na kositimu. Nilitaka bwana yangu abakie." Alijifuta uso kwa kanga, akaniangalia toka kichwani mpaka miguuni. "Sasa oga. Unanuka."

Nilioga. Alinisugua mgongo mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, mvua ikinyesha juu yetu wote watatu. Kositimu tuliizika pamoja na matope.

Baadaye wapiganaji waliondoka, wakaja askari, kisha wakaja wengine. Bomba lilikufa polepole, kama vitu vingi vya wakati ule. Kapita alizikwa na kofia yake. Mwenzangu alirudi milimani kwa ng'ombe wake. Vifuniko viliibwa, nyumba zikajengwa juu ya mashimo, na leo vijana wa pikipiki wanapita juu yake bila kujua kuna nini chini. Kila nyumba ina choo chake cha shimo, na mito ikifurika kutoka mlimani, vyote vinaingia ziwani. Nikiliona hilo, huwa nashika fimbo yangu kana kwamba ni mwanzi.

Mke wangu alipofariki, binti yetu, yule wa mgongoni, naye sasa ni bibi, aliniletea kositimu mpya ya kumzikia mama yake. Ilikuwa ya rangi ya majivu, hakujua. Nilijifungia chumbani, nikaivaa, nikaisogeza puani. Ilinukia sabuni ya dukani. Nilikaa kitandani na nguo ile safi, nikalia, kwa sababu hapakuwa na mtu mlangoni wa kuniambia nikaoge kwanza.