Ami Hamdun, Bingwa wa Kubembeleza

Soko zima la Batha, pale Riyadh anapouza vitambaa, hakuna anayemfikia Ami Hamdun kwa kubembeleza. Ndivyo asemavyo mwenyewe. Mtoto akigoma kula, mzee akikataa dawa, Wazanzibari wa huko humwita yeye. "Kubembeleza si kuomba," husema huku akijipiga kifua. "Ni kumshika mtu kama yai."

Basi siku moja Faris, mtoto wa nduguye, akamjia mbio. Mkewe, Arwa, alishikwa na homa. Faris akamwambia, "Meza panadoli ulale, halas," akaenda zake kutazama mpira. Arwa alipopata nafuu tu, huyo, kwa mamake Jeddah. Faris akampelekea mkufu wa dhahabu. Ukarudishwa.

"Ami, nikimkosa huyu nimekwisha."

"Dhahabu haibembelezi, mpumbavu wewe. Washa gari."

Nyumbani kwa Bi Wahida, mama yake Arwa, mtaa wa Al-Nuzha, Ami Hamdun alijiweka nje ya mlango wa chumba alimojifungia Arwa, akakohoa kama anayetaka kuhutubia. "Arwa mwanangu, mboni ya jicho langu..."

"Ami," sauti ikatoka ndani, "aliyeniacha na homa ni wewe?"

"La."

"Sasa mbona unabembeleza wewe?"

Bi Wahida alicheka mpaka ushungi ukamteleza. Ami Hamdun, aliyewahi kumrudisha bibi harusi aliyekwisha kupanda teksi, masikio yakamwaka. Akamgeukia Faris. "Jikoni. Kapike uji."

"Ami, mimi sijui..."

"Yalla!"

Uji ukaja. Faris akapiga magoti mlangoni. "Pole, Arwa. Kunywa kidogo."

"Homa imeshapoa."

"Najua. Uji ndio uliochelewa. Kidogo tu, mke wangu. Nakupulizia hapa, usije ukaungua."

Ulimi ulimwasha Ami Hamdun. Methali zilikuwa zimempangia foleni kooni. Akaung'ata ulimi wake.

Mlango ukafunguka nusu. Arwa akaonja, akakunja uso. "Una mabonge kama kokoto."

"Nitakupikia mwingine."

"Lini?"

"Kila ukiugua. Na usipougua."

Arwa akaumaliza uji, mabonge na yote.

Kurudi Riyadh, Arwa alikaa mbele na mumewe, Ami Hamdun nyuma, kabanwa na mabegi. Sasa ukipita Batha atakusimulia alivyobembeleza siku ile kwa kunyamaza, wala hanyamazi mpaka duka lifungwe.