Mkwe Anayerusha Ndege

Kitenzi "kurusha" kina moyo mkubwa. Mtoto hurusha jiwe, redio hurusha matangazo, rubani hurusha ndege, mwenye simu hurusha video mtandaoni, na wote hao hutumia neno lile lile bila kuulizwa wamerusha nini hasa. Fundi mmoja wa mashine za fotokopi aliingia ndani ya neno hilo siku ya kwanza alipokwenda kujitambulisha ukweni, na kwa miaka sita hakuona mlango wa kutokea.

Ilikuwa hivi. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi, magoti pamoja, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Shemeji yake, ndugu wa mke, ambaye nyumbani kwao wanamwita Redio kwa sababu habari hailali kwake, aliishika simu ya mgeni na kukuta video ya ndege kubwa ikitua, matairi yakigusa lami kwa moshi mdogo.

"Hii unarusha wewe?"

"Ndiyo, narusha mimi," fundi akajibu.

Hakudanganya. Video ilikuwa ya mchezo wa kompyuta, ule wa kuigiza urubani. Aliurekodi mwenyewe, akauhariri mwenyewe, akaurusha mtandaoni mwenyewe. Lakini Redio alikuwa ameshafika mlango wa jikoni.

"Mama! Kumbe mkwe anarusha ndege!"

Mama mkwe alitoka akifuta mikono kwenye kanga, akamtazama mgeni kutoka juu mpaka chini, akasema Mungu hamtupi mja wake. Fundi alisubiri nafasi ya kusahihisha. Nafasi ilikuja na chai, ikaondoka na vikombe. Tangu siku hiyo ukweni anaitwa Kapteni. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi; ya kwake ilitimiza miaka sita na bado ilikuwa na lami.

Mkewe, Mama Mapacha, mwanzoni alicheka. Mwaka wa pili alicheka kidogo. Mwaka wa tatu mama yake alipowatangazia majirani kwamba mkwe amechelewa kufika kwa sababu ya hali ya hewa, aliacha kucheka kabisa. Ukweli ni kwamba alikuwa amechelewa kwa sababu karatasi ilikwama kwenye mashine ya ofisi ya ardhi.

Fundi apewe haki yake: video alizijua. Kwenye kona ya chumba cha kulala, kati ya kabati na dirisha, aliweka meza ndogo, kompyuta, usukani wa plastiki na kipaza sauti kilichofungwa soksi ya mtoto ili kisichukue pumzi. Kabla ya kurekodi alizima feni, akafunga dirisha, akakaa fulana tupu akitiririka jasho juu ya milima yenye theluji. Alirekodi kwa kiwango cha juu kabisa, picha sitini kwa kila sekunde, saa moja ya safari ikala gigabaiti ishirini na mbili. Watu wengine hurekodi kwa kiwango cha chini ili kubana nafasi, halafu wanashangaa. Yeye alikuwa mtu wa fotokopi. Alijua kwamba kopi ya kopi hufifia, na kwamba video iliyorekodiwa hafifu, kila ukiikata na kuiunganisha inazidi kuharibika, mpaka mawingu yanageuka matofali. "Mama wa yote ni rekodi ya kwanza," alikuwa akisema, na hakuna aliyemuuliza.

Sauti nazo alizirekodi kila moja peke yake. Kwenye programu ya kuhariri zilikaa chini ya picha kama mistari miwili ya daftari: mstari wa injini, na chini yake mstari wa kipaza sauti, yaani yeye mwenyewe akiongea kwa utulivu wa mtu aliyezoea mawingu.

"Hiyo sauti unaikodi wapi?" Mama Mapacha aliwahi kumuuliza. "Mbona humu ndani hatujawahi kuisikia?"

Wafuasi wake mtandaoni walikuwa mia mbili na kumi na nne. Wawili kati yao alikuwa ni yeye.

Basi mambo yangeweza kuendelea hivyo, kama macho ya mama mkwe yasingeingia ukungu. Ulianza jicho la kushoto, ukahamia la kulia. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, ameiva pande zote mbili, na kuchelewa zaidi kutaharibu kisichorudi. Hospitali ya macho iko mji mwingine. Basi huchukua saa kumi na nne, na mgongo wa mama haukai saa mbili. Ndege huchukua dakika hamsini. Watoto wake walishauriana, wakakata tiketi mbili, ya mama na ya Redio wa kumsindikiza, wakapata nafasi ya upasuaji: Ijumaa, kusafiri Alhamisi.

Mama akakataa.

"Ndege sipandi ya mtu nisiyemjua," alisema. "Nina mkwe wangu. Atanirusha yeye, au nakaa na giza langu."

Redio akalitangaza hilo kwa simu, akicheka: "Kapteni, umesikia? Mzee anataka dereva wake!"

Kapteni alisikia. Alikuwa ndani ya mashine ya shule moja ya sekondari, kichwa kimezama mpaka masikio, na kwa muda hakutaka kukitoa.

"Mwambie," Mama Mapacha akasema jioni ile.

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Alipata wazo ambalo lilimpendeza kwa sababu lilihitaji kazi nyingi. Angemwambia mama kwamba kampuni haimruhusu rubani kurusha ndugu zake, ila yeye ameifanya safari ile ile, kutoka uwanja wao mpaka ule wa hospitali, akairekodi yote ili mama ajionee jinsi ilivyo laini. Yaani angeuponya uongo kwa uongo wenye ubora zaidi.

Jumamosi mchana, mapacha wakiwa kwa jirani, alizima feni, akaketi. Aliruka vizuri. Akatangaza kwa sauti yake ya kukodi: "Mama yangu mpendwa na abiria wote, karibuni." Dakika kumi baadaye ndege ilikuwa juu ya mawingu, meupe na meupe tena, sehemu ambayo alijua ataikata yote. Ndipo Mama Mapacha akaingia na beseni la nguo zilizokauka.

"Unafanya nini?"

"Namtuliza mama yako."

"Unamdanganya mama yangu kwa picha sitini kwa sekunde." Aliweka beseni kitandani. "Baba Mapacha, mtu anapofuka, wewe unacheza?"

"Sichezi. Akishapanda, yamekwisha."

"Na akishapona?"

Hapo ndipo alipotamka. Hakutamka kwa hasira, na hilo ndilo baya. Alitamka taratibu, kama mtu anayefikiri kwa sauti, macho yake yakiwa kwenye mawingu.

"Ndiyo hayo. Akipona ataona. Ataona hii ni katuni, ataniona na mimi. Sasa hivi ukungu wake ndio unaonisitiri. Wakati mwingine nasema moyoni, si lazima apone mwaka huu."

Mama Mapacha alikuwa na soksi mkononi. Akaikunja, akaiweka, akatafuta ya pili yake, hakuipata.

"Yule ni mama yangu," akasema, akatoka.

Tangu hapo aliongea naye kwa kupitia mapacha. "Mwambieni baba yenu chakula kiko mezani." Baba yao aliyekaa hatua mbili kutoka mezani alishukuru kwa njia hiyo hiyo.

Jumapili alihariri. Alihariri kwa macho tu, sauti ameizima, kwa sababu siku hiyo sauti yake mwenyewe hakuitaka masikioni. Akakata mawingu, akaunganisha kuruka na kutua, akasawazisha rangi ya anga mpaka ikawa nzuri kuliko anga. Ikabaki video ya dakika kumi na mbili, safi kama kioo. Alichosahau ni kwamba mistari ile ya sauti ilikuwa imetengana. Kisu kilipita kwenye picha na kwenye injini. Mstari wa chini kabisa, wa kipaza sauti, haukuguswa. Ukabaki vilevile ulivyorekodiwa, ukiendelea na safari yake chini ya picha ya safari nyingine.

Akaituma kwenye simu ya Redio. "Mwonyeshe mama," akaandika.

Mtu mwenye ukungu macho yote mawili, yeye akamtumia picha. Ni kosa la mtu ambaye kwa miaka kumi na moja kazi yake imekuwa kukagua kama karatasi imetoka wazi.

Jumatatu asubuhi alikuwa ofisi ya bima, akibadilisha wino wa unga, simu ikaita.

"Kapteni! Mama kaisikiliza video yako mara mbili."

"Kaisikiliza?"

"Sasa ataitazamaje, ndugu yangu? Nilimwekea sikioni, mimi nikaenda zangu nje kuosha pikipiki. Kasema sauti imetoka safi sana. Kila neno. Halafu kanambia niifute pale pale, eti itanijazia simu. Nimefuta. Lakini ulichomwambia kimeingia. Alhamisi anakwenda!"

Fundi akasema vizuri, vizuri. Akaomba funguo ya stoo, akaingia kati ya maboksi ya karatasi, akafunga mlango, akafungua faili kwenye simu yake. Ndege ikaruka. Mama yangu mpendwa na abiria wote. Kimya. Uwanja ukatokea mbele, taa zimepangwa kama shanga, kazi nzuri sana, na ndege iliposhuka sauti ya mwanamke ikauliza unafanya nini. Alisikiliza mpaka mwisho. Matairi yaligusa lami pale pale aliposema mwaka huu. Kipaza sauti kilikuwa kizuri. Hata kukunjwa kwa soksi kulisikika.

Karani aliyekuja kuchukua karatasi alimkuta ameketi juu ya boksi.

"Fundi, umepata tatizo?"

"Limepatikana," akasema.

Alasiri alikwenda ukweni bila kuitwa. Mama mkwe alikuwa barazani, akikunja mashuka kwa kupapasa pembe. Redio hakuwepo, na kwa mara ya kwanza hilo lilikuwa jambo la kushukuru.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani huyo, Kapteni?"

"Ni mimi."

"Karibu, baba. Shika pembe hii." Akashika. Wakavuta shuka, wakakunja mara moja. "Video yako nimeipata. Yule rubani wa kwanza ana heshima. Lakini kuna wa pili, aliyesema si lazima nipone. Yule naye ni wa kampuni yenu?"

Fundi akaendelea kushika pembe yake ya shuka.

"Ni mimi, mama."

"Najua ni wewe. Nilitaka uitikie." Wakakunja tena. "Na kazi yako ni ipi?"

"Natengeneza mashine za fotokopi."

"Tangu walipokufukuza kwenye ndege?"

"Sikuwahi kuwa kwenye ndege, mama. Ilikuwa video. Nilirusha video."

Mama akalipima neno hilo. Halafu mabega yakaanza kutikisika, na fundi akadhani analia, akatamani afe. Alikuwa anacheka, kicheko kirefu kisicho na furaha sana.

"Hata kupanda hujapanda?"

"Hata kupanda."

"Na mimi nimewaambia mtaa mzima mkwe wangu akipita juu hupunguza mwendo." Akafuta macho yasiyoona kwa pembe ya shuka. Kicheko kikaisha. "Sikiliza, baba. La ndege ni upuuzi, hilo tumecheka. Lile la pili sicheki. Nimelisikia mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani sikio nalo limeingia ukungu."

"Nisamehe, mama."

"Sijui bado. Alhamisi nakwenda na wewe. Redio akupishe kiti chake. Unayetaka nisione, ndiye atakayenishika mkono nikaone."

Alhamisi walipanda. Redio aliwasindikiza mpaka mlango wa uwanja akipaza sauti, "Kapteni, leo unapumzika!" na askari mmoja akasimama wima kidogo, kwa tahadhari. Fundi alitazama viatu vyake. Ndani, mama aliuliza kila mlio, naye alijua yote: sasa wanakunja magurudumu, sasa wanapunguza nguvu ya injini. Alijua yote, na dakika ya ishirini akautumia mfuko wa karatasi ulio mbele ya kiti, kwa sauti. Mhudumu akaja. Mama mkwe, aliyekuwa akimpigapiga mgongo kwa mkono mmoja, akamwambia asijali, mwanangu hana mazoea. Neno "mwanangu" lilimkaa fundi tumboni vibaya kuliko mwendo wa ndege.

Upasuaji ulikwenda salama. Jumamosi asubuhi muuguzi alibandua bandeji ya jicho la kwanza, akafuta kwa pamba, akamwambia mama afumbue taratibu. Fundi alisimama pembeni mwa kitanda. Usiku kucha alikuwa ametunga maneno, yamepangwa vizuri, yamekatwa yasiyofaa. Mama alipepesa. Akatazama dirisha, akatazama muuguzi, akamgeukia yeye, akakaa naye hapo muda mrefu. Hakuna aliyewahi kumtazama hivyo, wala mkewe.

Maneno yote yakampotea.

Jicho likashuka mpaka kwenye mikono yake, iliyokuwa imeshika ukingo wa kitanda. Unga mweusi wa miaka kumi na moja ulikuwa umejichora kwenye kila mkunjo wa kidole na chini ya kila kucha.

"Huo ni nini?"

"Wino, mama. Wa kazi."

"Hautoki?"

"Hautoki."

"Kanawe hata hivyo," mama akasema. "Halafu urudi hapa hapa ukae."

Akaenda kwenye sinki iliyokuwa mle mle wodini, akafungua bomba. Alisugua kwa sabuni, kidole kimoja kimoja, akijua haitasaidia, na hakugeuka, kwa sababu mgongoni alihisi bado anatazamwa.