Pale Baba Aliponyamaza

Mwaka ule mama alipokufa, kazi yangu ilikuwa kurefusha na kufupisha slaidi. Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la rangi, karibu na viwanda, na tulitengeneza masomo ya kompyuta. Mfanyakazi mpya anaketishwa mbele ya skrini. Kushoto anaona mtu akizungumza kwenye video, kulia anaona slaidi yenye maandishi, na mwishoni anajibu maswali kumi. Siku hizo, mwishoni mwa miaka ya tisini, hilo lilikuwa jambo la kushangaza. Majirani zetu wa Kayole wakiniuliza nafanya nini mjini nilijibu "kompyuta" na tukaishia hapo, maana nikieleza zaidi walidhani nawadanganya.

Kila slaidi ilikuwa na mstari wake wa muda chini ya skrini. Unaushika mwisho wa mstari kwa kipanya, unauvuta. Programu yenyewe ilikuwa na upumbavu wake: kila slaidi iliipa sekunde kumi, iwe ina neno moja au mia. Video nayo ilikatwa vipande, kila slaidi na kipande chake. Slaidi ikiwa fupi kuliko kipande chake, somo linaruka mbele na mzungumzaji anakatwa katikati ya neno. Ikizidi urefu, anaganda na mdomo wazi kama samaki, na mfanyakazi anaanza kubofya ovyo. Basi mimi ndiye niliyekaa hapo katikati, nasikiliza, navuta, nasikiliza tena, navuta tena. Ilikuwa kazi ya kuumiza macho, na miezi ile ilinifaa sana. Hakuna aliyenitaka nihisi kitu.

Na kweli sikuhisi. Nilikuwa kama mkono ulioulalia: upo, unauona, ukiufinya hausemi. Sikulia mochari, sikulia safari nzima ya kumpeleka mama nyumbani magharibi, sikulia udongo ulipoanza kumwagwa. Mashangazi walinitazama kwa jicho la pembeni. Mmoja akaniuliza, "Kwani wewe una jiwe hapo kifuani?" Nikamwambia chai inamwagika jikoni, akaangalie.

Mama alikufa mchana, hospitalini, hapo katikati ya zamu mbili za kutazama wagonjwa. Kengele ya kututoa iligongwa saa nane, na tungeruhusiwa kurudi saa kumi. Mimi na baba hatukuona haja ya kwenda mbali. Tuliketi kwenye benchi nje ya lango tukanunua ndizi. Tuliporudi saa kumi kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya. Hayo ndiyo yaliyotokea, sina la kuongeza.

Sasa kuhusu baba. Alifanya kazi kiwanda cha sabuni zaidi ya miaka ishirini, kwenye matangi ya soda kali, ile inayokula ngozi. Jumapili alikuwa mhubiri katika kanisa letu la mabati pale Kayole, kanisa la watu wa kwetu. Alihubiri kwa Kiswahili kwa sababu ya vijana waliozaliwa huku mjini, Eastlands, ambao lugha ya nyumbani waliielewa wakiitwa kula tu. Mama alisimama mkono wake wa kushoto akitafsiri kwa Kimaragoli kwa ajili ya kina nyanya.

Na mama, jamani, hakuwa mkalimani wa kuaminika. Baba akitoa sentensi moja, yeye anatoa nne. Baba akisema tu kwamba kipofu aliponywa, mama anawaeleza kina nyanya jinsi kipofu huyo alivyokuwa akigonga kichwa mlangoni, nani alikuwa akimpikia, na mashemeji walivyokuwa wakimsema. Kina nyanya wanacheka hadi leso zinaanguka, vijana wanaulizana mzee amesema nini cha kuchekesha, na baba anasubiri tu, mikono nyuma, uso umegeukia kushoto kidogo. Mama akimaliza anatikisa kichwa: haya, endelea. Walifanya hivyo miaka kumi na minane.

Baada ya mazishi wazee wa kanisa walimtafutia baba mkalimani mwingine, kijana mmoja mwenye suti. Baba akasema asante, apewe muda kwanza. Akawa anaketi benchi la pili kama mgeni. Miezi mitatu hakusimama mbele ya watu hata kutoa tangazo.

Kisha kiwanda chao kikataka somo la usalama wa kazini. Baba mwenyewe ndiye aliyemwambia meneja kwamba ofisi ya binti yake inatengeneza vitu hivyo, na meneja akasema sawa, lakini wewe ndiye utakayezungumza, nani anayajua matangi kukushinda? Kwa hiyo mara yake ya kwanza kusimama na kusema tangu mama azikwe ilikuwa mbele ya kamera yetu, amevaa ovaroli aliyoipiga pasi mwenyewe, mikunjo miwili kila mguu. Mimi sikwenda. Alikwenda kijana wetu wa kamera, na aliporudi aliniwekea kanda mezani. "Buda yako yuko poa," akasema, "lakini anaongea na breki."

Sikujua anamaanisha nini mpaka nilipoweka video na slaidi pamoja. Slaidi nilikuwa nimeshaziandika na kuzipimia muda kwa kuzisoma mwenyewe, zote zikawa dakika kumi na nne. Video ilikuwa dakika ishirini na sita. Nikabonyeza. "Ukiona mvuke, rudi nyu..." somo likaruka. "Usiingize mko..." likaruka. Slaidi baada ya slaidi nilimkata baba yangu mdomo. Nikakasirika, na nilimkasirikia yeye kabisa. Kwani hakuweza kusema maneno yakaisha? Kila sentensi alikuwa akinyamaza, anasimama tu hapo na mikono nyuma, huku gharama ya kanda inapanda na mimi ninaumia macho.

Bosi wetu, mama mmoja mwenye haraka ambaye hata chai aliinywa akiwa amesimama, alikuja nyuma ya kiti changu akatazama dakika mbili. "Mzee wako ana sauti nzuri," akasema, "lakini ananyamaza mno. Kata hizo nafasi. Kiwanda kinataka yote yaishe ndani ya nusu saa, na maswali pia."

Nikachukua penseli nikaanza kuhesabu ukimya, nione wapi pa kukata. Baada ya "Vaa glavu kabla ya kugusa chochote," sekunde kumi na moja. Baada ya maelezo marefu ya kufunga koki ya tangi, sekunde nne tu. Baada ya "Linda macho yako," kumi na nne. Ai! Sikuona mpango wowote. Kitu kimoja tu nilikiona: kila akinyamaza, anageuza uso kushoto kidogo. Kushoto hapakuwa na mtu. Kijana wa kamera aliniambia alikuwa ameweka begi lake hapo.

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa kwenye slaidi ya sita, ya glavu, kwa mara ya ishirini pengine. Baba akasema lake, akageuza uso, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema kwa Kimaragoli, kwa sauti ya chini: vaeni hizo glavu, hata kama zimetoboka, hata kama aliyezivaa jana ananuka, vaeni, maana kwa mkono mmoja utafuaje, na mtoto utambebaje. Nilipofika "utambebaje," baba akaendelea.

Nikairudia. Ikafika palepale. Nikaenda kwenye koki ya tangi. Mama hakujua koki wala hakutaka kuijua, angesema tu, "Fungeni hicho kitu chao," basi. Sekunde nne. Nikaenda kwenye macho. Mama alikuwa na mengi juu ya macho, alikuwa na binamu aliyepoteza moja. Kumi na nne.

Alikuwa akimngojea. Wala sidhani alijua.

Nilidhani sasa nitalia. Nilingoja kabisa, mikono mezani, na hakuna kilichokuja. Nikaivuta slaidi ya sita mpaka ikalingana na video, nikaandika urefu wake kwenye karatasi, nikaenda ya saba.

Sikukata. Nilirefusha slaidi zote, na pale baba anaponyamaza nikayafanya maandishi yatokee mstari mmoja mmoja, ili skrini isionekane imelala. Bosi alipokuja nilimpa sababu ya kikazi, kwamba wafanyakazi wengine husoma polepole, kwa kidole. Akatazama, akatikisa kichwa kukubali. "Hii umeifikiria," akasema. Kusifiwa kwenyewe kulinipita kama upepo.

Ila alifika slaidi ya kumi na nne. Hapo baba anasema, "Mwenzako akimwagikiwa na soda, usimwache peke yake. Kaa naye mpaka gari lifike." Halafu ananyamaza sekunde arobaini na moja.

"Hapana," bosi akasema. "Hapo watu watadhani kompyuta imekwama. Acha sekunde nane."

"Sawa, madam," nikasema.

Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Mimi, ninayeweza kugombana na muuza sukuma kwa sababu ya jani moja bovu, nilisema sawa madam nikaushika mstari nikaurudisha nyuma. Haikuchukua hata muda wa kupiga chafya. Na niseme ukweli wote: ukimya ule ndio pekee ambao sikuwa nimejaribu kuujaza kwa mdomo wangu. Kila nilipoufikia nilikuwa nauruka.

Jumamosi asubuhi tulilionyesha somo kwenye kantini ya kiwanda. Mimi ndiye niliyeendesha kompyuta. Wenzake walimcheka baba na kumpigia makofi. "Mzee umekuwa nyota! Sasa utatusalimia kweli?" Yeye alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, akajitazama. Kila yule baba wa kwenye skrini aliponyamaza, huyu wa mlangoni aligeuza uso kushoto. Nilimwona. Ikafika slaidi ya kumi na nne. Akageuka, na kabla hajatulia, ya kumi na tano ikaingia na sauti yake ikaanza kueleza mahali pa bomba la maji. Baba aligutuka kama mtu aliyesukumwa kwenye foleni, akatazama sakafu.

Tulikula mchana nyumbani, mimi na yeye, ugali na sukuma. Alinawa mikono, akasogeza sahani.

"Nilinyamaza sana kwenye hiyo kitu yenu," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Na wewe uliacha."

"Niliacha."

"Ila pale kwa mtu aliyemwagikiwa." Akamega tonge, akalibonyeza, akalishika tu mkononi. "Pale hukumwacha amalize."

Hakutaja ni nani, na sikuuliza. Nilimwambia bosi alisema watu watadhani kompyuta imekwama. Nikajisikia mjinga hata kabla sijamaliza kusema.

"Pale alikuwa na mengi," baba akasema. Kisha akaomba chumvi.

Jumatatu nilifika ofisini kabla ya wengine. Diski za kiwanda zilikuwa zimeshapelekwa, zote, na hakuna ambaye angezirudisha kwa sababu ya nusu dakika ya mtu kunyamaza. Nilijua hivyo. Nikafungua somo, nikaenda slaidi ya kumi na nne, nikaushika mwisho wa mstari nikauvuta mpaka ukalingana na video, sekunde zote. Nikabonyeza.

"Mwenzako akimwagikiwa na soda, usimwache peke yake," baba akasema. "Kaa naye mpaka gari lifike." Akageuza uso kushoto.

Nikaanza. Kwa Kimaragoli, kwa sauti sasa, maana hapakuwa na mtu. Usimwache, nikasema. Hata kengele ikigongwa, usitoke. Askari wa lango akikufukuza, mwambie huyu ni wangu, sitoki. Mshike mkono, mwambie watu wake hawajaenda mbali, wako hapo nje tu, kwenye benchi, wananunua ndizi. Kwenye neno benchi sauti ilinikatika na machozi yakaanza kutoka, mengi, mabaya, ya kamasi, yakilowesha meza ya watu. Nikaendelea hivyo hivyo, kwa sababu baba alikuwa bado ananingojea. Mwambie tunakuja saa kumi. Mwambie asiogope, tunakuja.

Hapo nikawa sina lingine. Kwenye skrini baba alirudisha uso mbele, slaidi ya kumi na tano ikaingia, naye akaendelea.