Nyoka wa Madame Sarla

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, kule Kikula mjini Likasi, nilikatazwa kula kitu chochote kilichotoka mkononi mwa Mhindi. Aliyenikataza ni Kambo, bibi yetu mzaa baba, na hakuwa na utani. Mama alikuwa mshonaji. Kila Jumamosi aliponituma kununua uzi na vifungo katika duka la Madame Sarla, Kambo alinisimamisha mlangoni.

"Usikule kintu yabo," aliniambia. "Beko na nyoka mu chumba ya nyuma. Mwenye anakula kintu yabo, ile nyoka inamuita. Akiitika, njo kwisha."

Si yeye peke yake aliyesema hivyo. Mtaa mzima ulisema, pamoja na wanaume waliofanya kazi ya shaba kiwandani, watu waliobatizwa na kufunga ndoa kanisani. Kwa nini Wahindi hawali ng'ombe? Nyoka amekataa. Kwa nini wanachoma ubani alfajiri? Wanamlisha nyoka. Nami niliamini. Nikifika dukani nilisimama karibu na mlango, nikataja uzi ninaoutaka, nikauchukua na kuondoka mbio.

Jumamosi moja, mvua za mwaka zikiwa zimeanza tu, nilinyeshewa njiani hadi nikatetemeka. Madame Sarla, mama mnene mwenye mvi katikati ya nywele, alipiga ulimi akanivuta mkono. Kabla sijapata la kusema nilikuwa chumba cha nyuma, nimefungwa kitambaa kikavu cha maua, gauni langu limeanikwa juu ya kiti.

Niliangalia kila pembe. Ukutani palikuwa na rafu, taa ndogo ya mafuta, maua mekundu, na picha. Moja ilikuwa ya mtu mwenye kichwa cha tembo. Nyingine ilikuwa ya mtu wa rangi ya buluu aliyefumba macho, na shingoni mwake amejizungusha nyoka.

"Ni yeye?" niliuliza, nikimwonyesha kwa kidole.

"Nani?"

"Nyoka yenu."

Madame Sarla alicheka hadi akajishika mbavu. Kisha akaona kwamba mimi sicheki, akaketi. Alizaliwa Bara Hindi lakini alikuwa amekaa Likasi miaka mingi, na alizungumza Kiswahili chetu.

"Ile ni karatasi, mutoto. Sisi tunasema Mungu iko moya, lakini iko na sura mingi. Hii sura moya, hii sura ingine."

"Na mutu akikufwa?"

"Anarudi. Anazaliwa tena, na matendo yake inamufuata. Mubaya anarudi mu mateso, muzuri anarudi muzuri. Inazunguka vile, mpaka siku roho inafunguliwa."

Nilimwambia kwa kiburi kwamba sisi Wakristo tunakufa mara moja tu, halafu hukumu.

"Basi nyinyi muko na haraka," alisema, akanipa mpira mdogo wa unga, sukari na samli.

Niliula. Sijui kama ni njaa au ni ubishi. Ulikuwa mtamu ajabu. Akanipa wa pili nimpelekee mdogo wangu Kabedi, aliyekuwa na miaka sita. Kabedi aliumaliza nyuma ya nyumba, akalamba vidole.

Siku ya tatu Kabedi alishikwa na homa. Siku ya tano alikuwa hanyanyui kichwa, na katika homa hiyo alikuwa akiitika: "Abé! Abé!" kama mtu anayeitwa na mkubwa wake. Kambo alisimama katikati ya nyumba, mikono kichwani. "Unasikia? Anaitika!" Nikakiri niliyoyafanya. Hata sasa, mtu mzima mwenye wajukuu, nikiikumbuka sauti ile ya Kabedi ngozi inanisisimka. Onyo la Kambo lilikuwa limetimia mbele ya macho yangu, na mkono uliobeba ule utamu ulikuwa wangu.

Mama hakubishana na mtu. Alimfunga Kabedi mgongoni akaenda naye hospitali. Kambo alitaka apelekwe kwa mganga upande wa Kakanda. Mama alimjibu tu, "Mama, nimeshaenda," ingawa alikuwa bado mlangoni.

Habari ilimfikia katekista wetu. Tulimwita Mwalimu Ilunga, na sitaki mtu amdhanie mjinga. Wakati ule serikali ilikuwa imepiga marufuku majina ya ubatizo. Shuleni niliitwa Ngoie tu. Lakini Mwalimu Ilunga alifunga mlango wa darasa la katekisimu na kutuita kila mmoja kwa jina lake la kikristo, huku akijua anaweza kukamatwa. Alikuwa jasiri. Pia alikuwa amesoma. Alitueleza kwamba dini ya Wahindi haina mwanzilishi mmoja. Ilikua polepole, karne nyingi kabla ya Kristo, kando ya mto Indus, ambao ndio ulioipa jina. Kwamba wana nyimbo takatifu za kale ziitwazo Veda. Kwamba wanatafuta kufunguliwa kutoka kuzaliwa na kuzaliwa tena. "Lakini mutu hawezi kujilipia zambi yake, hata akizaliwa mara elfu," alisema. "Kristo alilipa mara moya. Ile ni zawadi." Niliyapenda maneno hayo. Ninayapenda mpaka leo.

Jumapili, baada ya misa, aliniita uani mbele ya kina mama wa parokia. Mimi na wenzangu tulikuwa tunajiandaa kupokea komunyo ya kwanza sikukuu ya Noeli.

"Véronique," alisema, "ambia bamama kile uliona kule. Tutaenda pamoja ku ile duka, tutoe bile bintu, tubichome."

"Niliona picha, Mwalimu."

"Na nyoka?"

"Nyoka iko pa karatasi."

Kina mama wakanung'unika. Mwalimu akainama karibu nami, akasema kwa sauti ya chini kwamba dada yangu anakufa. Kwamba Shetani ndiye anayenifunga kinywa. Niseme tu niliona nyoka, basi.

Nilimpenda Kabedi kuliko mtu yeyote, na sikuwa na hakika kwamba si mimi ninayemwua. Lakini nyoka mzima sikumwona.

"Hapana," nilisema. "Ile dini yabo si ya kweli, ulitufundisha. Lakini nyoka haiko. Mukienda kuchoma, miye nitasema kwa bote kama haiko."

"Basi hautapokea Yezu Noeli."

"Basi," nilijibu.

Niliondoka uani peke yangu. Kina mama walibaki wakitazamana; bila shahidi hawakwenda.

Hospitali walisema ni tifoidi. Katika uchochoro wetu watoto wengine wanne waliugua ugonjwa huohuo, watoto ambao hawajawahi kuona duka la Madame Sarla hata kwa mbali. Wote tulichota maji katika kisima kimoja. Kabedi alipona, amekonda na kunyolewa nywele. Kambo alifikiri siku mbili, kisha akatangaza kwamba nyoka alipitia kisimani.

Noeli niliwaangalia wenzangu wakipanda altareni na magauni meupe, mengi yakiwa yameshonwa na mama yangu. Langu lilibaki kwenye msumari. Pasaka, padri mzee wa parokia, aliyekuwa amerudi kutoka matibabuni, aliniuliza swali moja: "Ulisema uongo?" Nikasema hapana. Akanipa komunyo.

Mwishoni mwa mwaka huo serikali ilichukua maduka ya wageni. Duka la Madame Sarla lilipewa mtu ambaye hatukumjua, naye Madame Sarla na mumewe wakaondoka kwa treni. Walioingia walipekua chumba cha nyuma hadi chini ya sakafu. Hakuna aliyetuambia walichokipata, nasi tulijua maana yake: hapakuwa na nyoka.

Leo mimi mwenyewe ni katekista. Nawafundisha watoto kwamba siamini kuzaliwa tena na tena, wala sura nyingi za Mungu, na nawaeleza sababu. Nawaeleza pia kwamba Mwalimu Ilunga alihatarisha shingo yake ili atuite kwa majina yetu, na mtu huyohuyo alitaka kuchoma picha za Mungu wa mtu mwingine. Sijawahi kuona namna ya kutenganisha mambo hayo mawili, na nimeacha kujaribu.

Wazazi wengine hunilalamikia. Wanasema nawatetea wapagani. Walalamike. Mungu ninayemwabudu hajaniomba hata siku moja nimshuhudie kwa uongo.