Taa Iliyovuka Ukuta

Habari zilinikuta Kiabakari, nimekaa juu ya jiwe nikisubiri pancha ya pikipiki yangu izibwe. Mama mmoja wa mtaa wa Mwisenge, jirani wa rafiki yangu mmoja, alishuka kwenye gari lililotoka Musoma, akaniona, akanipa pole. Nikamuuliza pole ya nini. Akashika mdomo, maana alidhani nimeshajua. Rafiki yangu huyo, fundi wa taa, alikuwa ameamka asubuhi mzima kabisa, akanywa uji, akainama kufunga kamba za viatu, na hakuinuka tena. Jumanne tu nilikuwa nimekutana naye sokoni, amening'iniza sato wawili kwenye kamba, akinitania kwamba uandishi umeanza kuniotesha kitambi. Pancha ilipozibwa nilipanda pikipiki nikaenda karibu nusu kilomita kuelekea Butiama, nilikotoka, kabla ya kugundua kwamba Musoma iko nyuma yangu.

Tulifahamiana Bunda, miaka ile ya foleni za sabuni na sukari ya kibali. Mimi nilikuwa mwalimu, nimewatungia wanafunzi mchezo wa kuigiza. Yeye alikuwa fundi umeme katika kiwanda cha kuchambua pamba. Mchezo ulihitaji mvua. Alichukua taa ya mbele ya lori bovu, akatoboa vitundu vyembamba kwenye bati la debe la mafuta, akaliweka mbele ya taa, na ukuta wa ghala la pamba ukaanza kunyesha. Ili mvua itembee ilibidi aigeuze taa kwa mikono, viganja amevivika soksi kwa sababu ya joto. Mwaka huo mvua yenyewe ilikuwa imegoma, na wakulima waliokuja kuwatazama watoto wao waliishia kuutazama ukuta ule. Mchezo ulipokwisha, mzee mmoja alimwomba aiwashe tena kidogo.

Baadaye soko likafunguliwa. Bidhaa zikaanza kumiminika kutoka mpakani Sirari, kiwandani watu wakapunguzwa, naye akiwemo. Akahamia Musoma, akawa fundi wa sherehe. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amejenga ukumbi karibu na ziwa, akataka siku ya ufunguzi ukuta wake wa mbele upambwe kwa mwanga, nyota na maua yakitembea juu yake. Alikuwa na katalogi ya taa zinazogeuza shingo zenyewe, imeandikwa Kiingereza, na mimi nikaitwa niwasomee. Rafiki yangu hakuuliza kwanza ipi inang'aa kuliko nyingine. Alipima kwa hatua umbali kutoka mahali taa itakaposimama hadi ukutani, akauliza mwanga ukifika pale utakuwa na upana gani, taa inakula umeme kiasi gani, inavumilia mvua au haivumilii, na balbu ikiungua itapatikana wapi. Mwishowe zikabaki taa mbili. Moja ilikuwa na mwanga wa wastani. Nyingine ilikuwa kali, na shingo yake ilizunguka karibu duara zima. Akaweka kidole kwenye picha ya ile kali.

"Mwalimu, hii inaweza kufungwa shingo, mwanga usivuke ukuta?"

Maelezo yalikuwa kurasa mbili mbele, kwa herufi ndogo. Mwenye ukumbi alikuwa anatazama saa yake. Nikajibu kwamba ndiyo, inaweza. Sikuwa nimesoma.

Taa ile kali ilifika siku yenyewe ya ufunguzi, mchana, na mchana hauonyeshi mwanga unaishia wapi. Saa moja na nusu jioni ikawashwa. Nyota zikapanda ukutani, umati ukashangilia, nami nikashangilia kuliko wote. Kisha shingo ikaendelea kugeuka. Mwanga ukaiacha kona ya jengo, ukafagia ziwa, ukarudi, ukafagia tena. Mimi ni mtu wa huku juu vilimani. Niliona uzuri tu. Yeye alizaliwa katika kijiji cha rasi, na kwao taa ikitikiswa kulia na kushoto ufukweni ni ujumbe kwa walioko majini: kuna msiba, rudini. Alikimbia akachomoa waya, mgeni rasmi akiwa bado anapiga makofi. Lakini karabai za wavuvi wa dagaa zilikuwa zimeshageuka zinakuja, na upepo ulikuwa umeanza. Mtumbwi wa kwanza ulipogusa mchanga, mvuvi mmoja aliruka akauliza, "Nani kafa?" Mtumbwi wa tatu ulipinduka kwenye mawe, na aliyebanwa mguu kati ya jiwe na ubao alikuwa kaka mkubwa wa rafiki yangu. Tulimtoa hai. Mguu haukupona, na yule bwana hakurudi ziwani kuvua tena.

Rafiki yangu alisimama mbele ya wavuvi wale, suti ya kuazima imelowa hadi kiunoni, akasema, "Kosa ni langu. Taa nilichagua mimi." Nilikuwa hatua moja kutoka kwake, katalogi iko kwapani. Nilinyamaza. Kesho yake nilinyamaza, na mwezi uliofuata, mpaka kunyamaza kukawa mazoea.

Nimejiuliza mara nyingi ni kitu gani kilichotupata miaka ile. Wakati wa dhiki tulikuwa na taa moja, ya lori bovu, na tuliujua kila ulemavu wake. Maduka yalipojaa tukatakiwa kuchagua, na sisi tuliosoma tukaona aibu kusema hatujui. Tunafundisha watoto kwamba kuuliza si ujinga. Mimi niliulizwa, na ujinga ukawa wangu mimi mjibuji. Mwenzangu alijifunza. Tangu siku ile kila taa aliifunga upande wa maji, mgongo wake ukitazama ziwa, akaizibia kando kwa mabati, akaijaribu jioni ya kabla. Na kila alipopewa jengo, alianza kwa kuzunguka nyuma yake kuona nani anaishi upande ambao haukualikwa kwenye sherehe.

Nilikwenda kumzika. Kaka yake alikuwa amekaa mlangoni, mguu ameunyoosha juu ya kigoda. Nikachuchumaa, nikamweleza yote: swali, jibu, kurasa mbili nilizoziruka. Alinisikiliza hadi mwisho, wala hakushangaa. Aliyeshangaa ni mimi.

"Tunajua, Mwalimu. Alitwambiaga wiki ile ile. Akasema tusikuulize, utakuja mwenyewe."

Nikamuuliza kwa nini basi walikuwa wananikaribisha, wananipa samaki, wananitania kwa kitambi changu.

"Tulikuwaga tunakungoja," akasema. "Yeye ndiye alikungojaga zaidi."

Sijapona mshtuko wa maneno hayo, na sidhani kama natakiwa kupona. Nilidhani miaka yote hiyo nimeficha kitu, kumbe nilikuwa nimeachiwa nafasi, nami sikuitumia. Marehemu hakutaka fidia wala kuombwa radhi hadharani. Alitaka nifike kwake kwa miguu yangu. Kama kuna mtu amebeba kosa lako, usidhani amelisahau kwa sababu anacheka nawe sokoni. Nenda kwake leo, angali anaweza kukujibu.