Mwanamke Aliyehama na Mlango

Zahida alikuwa mtu wa miguu. Kila alipopata mwanya, alimwachia mdogo wake Faizan duka la vitambaa la familia pale mjini Dodoma, akashika njia. Faizan hakuificha chuki yake. Alisema dada yake anazurura kama mtu aliyefukuzwa kwao. Lakini Zahida alikuwa mwandishi, na riwaya zake zote zilitoka barabarani. Akikaa ndani, hakuandika hata ukurasa mmoja.

Kiangazi kimoja, katika kijiji cha Mlali, alikutana na mwanamke aliyejitwika mlango. Mlango mzima wa mninga, bawaba zikining'inia. Zahida akageuza njia, akaandamana naye. Mwanamke yule, Anyesi, akamweleza huku akihema kwamba mumewe Bartolomayo ameoa mke mwingine. Mlango aliununua yeye kwa fedha za alizeti zake, basi anahama nao kwenda kwa mama yake. Wakacheka wote wawili, wakaagana vizuri.

Mwaka uliofuata riwaya ya Zahida kuhusu mlango ule ikatoka. Mwanamke wa kitabuni alichoka na upweke, akarudi kwa mumewe na mlango wake, mume akampokea kwa machozi. Zahida aliupenda sana mwisho huo.

Ndipo Anyesi alipokuja dukani. Hakumwamkia mtu. Alikitupa kitabu juu ya meza ya kukatia vitambaa.

"Mimi nilirudi lini?"

Zahida alijibu kwamba ile ni riwaya tu, na jina lake hakulitaja. Anyesi akamuuliza kama Mlali kuna mwanamke mwingine aliyehama na mlango. Alisema Bartolomayo anasomewa kitabu hicho kilabuni, akishalewa anakuja kudai mke. Sasa hata kaka zake Anyesi wanamsukuma arudi, eti mambo yake yameshaandikwa.

"Waambie nimetunga," Zahida akasema, hasira zikimpanda.

"Waambie wewe. Si ndiwe unayejua kutembea?"

Faizan, aliyekuwa akikunja vitenge, alicheka puani.

Zahida alikwenda Mlali, ila si kwa huruma. Maneno yale yalimchoma. Alimkuta Bartolomayo kilabuni pamoja na Daudi, kaka mkubwa wa Anyesi, akawaambia mbele ya watu kwamba mwisho wa kitabu aliubuni mwenyewe. Akaongeza kwamba Anyesi hakurudi, wala hakusema atarudi. Bartolomayo akauliza watu waamini uongo upi, wa kitabuni au wa leo. Kilabu kizima kikamcheka Zahida. Mtu mmoja akammwagia pombe miguuni, akamwambia arudi kwenye vitambaa vyake.

Daudi hakucheka. Tangu siku hiyo aliacha kumsukuma dada yake, na Bartolomayo alipokuja tena alimfukuza. Anyesi akabaki kwa mama yake. Lakini hakumshukuru Zahida. Walipokutana njiani alivuka upande wa pili, na wanawake aliofuatana nao wakanyamaza mpaka Zahida apite.

Mlali ikawa imemfungia mlango. Akahamishia matembezi yake Hombolo, bado ana kinyongo, akijiambia kwamba hajamwibia mtu. Huko akamkuta mzee Methusela akikata matawi makavu ya mizabibu, akaanza kumuuliza hili na lile. Mzee akataka kujua anauliza ili iweje.

"Naandika vitabu," Zahida akasema.

Mzee Methusela alimtazama kidogo, akasema yeye hataki kuandikwa, kisha akamgeuzia mgongo, akaendelea kukata. Zahida alisimama pale juani kwa muda mrefu.